Mashine ya Mhuri Imezima Tena

Benchi lenyewe ni mlango. Zamani ulikuwa mlango wa stoo ya duka la madaftari. Mchwa wakaula upande mmoja, mwenye duka akautupa, na watu wa kona ile wakaulaza juu ya matofali wakaanza kuukalia. Tundu la kitasa bado lipo katikati, na anayelikalia huwa ndiye aliyechelewa. Kushoto kuna kibanda cha fundi viatu. Kulia, kila saa tisa alasiri, muuza kahawa waliyempachika jina la Birika hutua jiko lake la mkaa na kumimina mpaka kahawa iishe. Hakuna aliyewahi kualikwa pale, na hakuna aliyewahi kufukuzwa. Ukikaa siku tatu mfululizo unapewa jina, na ukishapewa jina huna tena ruhusa ya kuwa na akili kuliko wenzako.

Siku hiyo Mhuri alifika wa mwisho, akalikalia tundu. Jina lake lilitokana na kazi. Miaka thelathini na mmoja alikaa dirishani posta akigonga mihuri juu ya bahasha, mkono wa kulia ukipanda na kushuka, hata leo akitua kikombe watu hugeuka kuangalia kama kimevunjika. Mapajani aliweka kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kichwa cha marehemu mkewe. Hakuna aliyeuliza ni nini, maana walikijua wote: kile kimashine chake cha kuchongea, cha betri, kinene kidogo kuliko tochi, chenye ncha ya chuma inayozunguka.

— Imezima tena, alisema.

Kijiwe kikaamka.

— Si nilisema? alidakia Waya.

Huyu ni fundi redio. Mfuko wa shati lake umelegea kwa uzito wa skrubu za watu. Akishika kitu kidogo cha mwenzake, mazungumzo yakimnogea, hukitia mfukoni bila habari. Mkewe akifua hukikuta, na jioni hiyohiyo humtoa nje akirudishe. Mtaa mzima umeshafungua mlango na kumkuta Waya amesimama na skrubu mkononi, anaomba radhi.

— Kitu unanunua kwa bei ya kandambili, aliendelea, unategemea nini?

— Haikuwa bei ya kandambili.

— Haya, bei ya viatu. Lakini cha mguu mmoja.

— Wahenga walisema, aliingia Kamusi, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kamusi alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Methali anazo nyingi, ila huzitumia kama mtu aliyerithi nguo za kaka yake, anavaa tu hata kama hazimtoshi.

— Maana yake nini hapo? Birika aliuliza.

— Airudishe dukani.

— Duka lenyewe lilikuwa meza, alisema Mhuri. Na meza imehama.

— Basi usipoziba ufa utajenga ukuta. Nunua nyingine.

— Nyingine ya nini wakati tatizo linajulikana? Waya aliweka kikombe chini ili mikono ipate nafasi ya kusema. Hizi za bei chee zina betri moja tu ndani. Moja. Pale pengine wanajaza mchanga ili ukiishika uone ina uzito. Mimi nimezifungua.

— Umefungua ngapi?

— Nimemwona mtu aliyefungua.

— Mchanga si hoja, Kamusi alisema. Hoja ni hali ya hewa. Mashine imetengenezwa kwa watu wa baridi, inafika huku inakuta joto, inachoka. Hata wewe ukipelekwa kwenye barafu utachonga nini?

— Mimi nilisikia, Birika alisema huku akikung'uta jivu, mota zake ni za ile miswaki ya umeme. Miswaki imekosa soko, wakazivalisha koti jipya. Ndiyo maana zinazima. Mota inakumbuka meno. Ukiipa mbao inashangaa.

— Hilo nalo neno, alikiri Waya, ambaye hakupenda nadharia ya mtu iizidi yake. Lakini mimi naongeza. Ndani mna kidude kinachohesabu siku. Kikishajua umepoteza risiti, kinaikatia moto.

— Kitajuaje?

— Hujawahi kuona? Vitu vyote vinaharibika siku moja baada ya risiti kupotea.

Walicheka. Mhuri naye alicheka, kikombe kikimtikisika mkononi, na kwa dakika ile alikuwa mtu mwenye furaha. Watatu hawa walikuwa wanamzungumzia yeye, na kila baada ya maneno mawili mmoja alimgeukia kumwuliza: taa ilikuwa nyekundu au kijani? Ilinuka? Ilikoroma kabla ya kuzima? Alijibu swali moja moja, polepole, asiyamalize upesi.

Ukweli ni kwamba mashine haikuwa na ubovu wowote.

Aliinunua mwezi wa pili baada ya kumzika mkewe. Binti yao yuko mbali, hupiga simu Jumapili na kuuliza kama amekula. Siku sita zilizobaki nyumba ilikuwa na friji. Friji likinyamaza, alisikia saa ya ukutani, na siku saa ilipoisha betri hakusikia kitu kabisa, akavaa viatu akatoka. Kwenye meza ya mchuuzi aliikuta ile mashine inalia mikononi mwa kijana wa kuuza. Aliilipia kwa ajili ya ile sauti.

Mwanzoni ilimsumbua kweli. Akigusisha ncha kwenye mti tu, inakwama na kuzima. Akaichaji, akajaribu tena, ikazima. Akaileta kijiweni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba watu walimsogelea wakamwuliza jambo lisilo pole. Alirudi nyumbani na ushauri wa kutosha gari zima.

Siku moja mchana aliulalia mkono wa kulia, akaamka umekufa ganzi. Akaichukua mashine hivyohivyo, kwa vidole visivyo na nguvu, akaigusisha tu kwenye mti. Ikachonga mstari safi, mwembamba, vumbi likimwagika kama unga. Mhuri alikaa akaitazama. Kumbe miezi yote alikuwa anaigandamiza kama muhuri juu ya bahasha, na kimota kidogo kama kile hakitaki kugandamizwa. Kinataka spidi kubwa na mkono mwepesi. Kesho yake alikwenda kijiweni mbio kuwapa habari.

— Leo imekubali, aliwaambia.

— Vizuri, Waya alisema. Kisha wakazungumza habari za bomba la maji lililopasuka, mpaka kahawa ikaisha. Hakuna aliyemtazama tena.

Siku iliyofuata, alipokaa, alisema imezima. Na tangu hapo imekuwa ikizima kila juma, mara mbili, wakati mwingine tatu. Hakujivunia uongo huo. Ila mtu mwenye kiu haulizi kisima kimechimbwa na nani.

— Lakini fundi, Birika alimwambia Waya, miezi mitatu unaitibu hii mashine kwa mdomo. Ishike basi.

— Fundi wa kweli hutibu kwa kusikiliza.

— Au unaogopa mchanga?

Hapo Waya alikasirika kidogo. Akanyoosha mkono.

— Lete.

— Haina haja, Mhuri alisema. Aliibana ile mashine mapajani kwa mikono miwili. Haina chaji.

— Lete nikuoneshe huo mchanga, bwana.

Angekataa vipi? Alikifungua kitambaa. Waya aliishika kwa ncha za vidole, kama anavyoshika kila kitu chenye waya ndani, akabonyeza. Taa ikawaka kijani. Mashine ikaanza kulia, laini na bila kukoroma. Waya aliinama, akaigusisha kwenye ubao wa benchi kando ya tundu la kitasa, akachora duara, akachora na jingine ndani yake. Akazima, akapuliza vumbi.

— Mbona nzima?

Mhuri masikio yalimwaka moto. Alitazama yale maduara mawili akaomba ardhi impe nafasi, hata ndogo.

— Labda joto limepungua, alijaribu.

— Imeniogopa, Waya alisema, na kifua kikapanda. Ndivyo ilivyo. Mgonjwa akimwona daktari, homa inashuka.

— Mficha uchi hazai, alisema Kamusi.

Alikuwa ameitupa tu, bila kulenga, kama kawaida yake. Wenzake hata hawakumwuliza maana. Mhuri peke yake ndiye iliyempata. Alianza kukikunja kitambaa.

— Ndiyo hivyo, Birika alisema. Kesi imefungwa. Jamani, lile bomba mmesikia limepasuka tena?

Wakamgeukia Birika wote. Mhuri aliona migongo miwili na sikio moja. Alijua yatakayofuata. Kesho angekuja na asiwe na la kusema, keshokutwa vilevile, na mtu asiye na la kusema hukaa pembeni ya benchi, halafu nyumbani. Aliuona mwaka mzima ukimngoja mle ndani pamoja na friji.

— Samahani, baba.

Alikuwa mwanamke aliyeketi upande wa mchwa, mguu mmoja na kiatu, mwingine juu ya gazeti. Alikuwa anangoja kiatu chake kwa fundi, na kwa kuwa hakuwa wa pale, walikuwa wamemsahau.

— Kwani unachonga nini?

Waya alifungua mdomo amjibu, maana ni swali la mashine, na maswali ya mashine ni yake. Mdomo ukabaki wazi. Akamtazama Kamusi. Kamusi alikohoa.

— Anachonga, alisema Kamusi. Ni... mbaombao hizi.

— Mbao gani? aliuliza yule mwanamke.

— Birika, anachonga nini huyu?

— Mnaniuliza mimi? Si ninyi mafundi?

Miezi mitatu. Walikuwa wameijua betri, mota, taa, mchanga, risiti na hali ya hewa. Kila mmoja alitazama kikombe chake.

Mhuri alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mti cha mviringo, kikubwa kama shilingi mbili zilizolaliana. Kilikuwa kimesuguliwa mpaka kinateleza, na juu yake palichongwa pete, mstari wake haukutetereka mahali popote.

— Kete, alisema. Za drafti. Nimezikata kwenye mpini wa jembe. Kumi na mbili zina pete na kumi na mbili zina nyota. Jana nimemaliza ya mwisho.

— Hiyo umechonga wewe? Waya aliuliza, sauti imeshuka. Akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga.

— Tulikuwa tunacheza na vizibo vya soda, Mhuri alisema. Mimi na mke wangu, jioni. Alikuwa ananifunga. Siku ya msiba wenzake walikuja kusaidia usafi, wakaona vizibo kwenye boksi, wakafagia. Walidhani ni takataka. Sikuwalaumu. Nikasema nitengeneze nyingine, nzuri.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuyasema pale kuhusu jambo lisilo na betri. Yule mwanamke alitikisa kichwa taratibu, mara mbili.

— Ni nzuri kweli, alisema. Na sasa unacheza na nani?

Kamusi alitafuta methali, ikaonekana kabisa usoni anavyotafuta, hakuipata hata ya kukosea. Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mhuri. Yakatoka matone matatu, kisha machicha.

— Imekwisha, alisema, na aliisema kama mtu aliyekosa yeye.

Fundi viatu aliita kwamba kiatu tayari. Mwanamke alikivaa, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Birika alikusanya vikombe. Kamusi alisimama, akamshika Mhuri begani kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya maziko, akaondoka. Waya naye alisimama, bado anaitazama ile pete, akilini yuko mbali. Akasema tutaonana, mzee wangu. Akavuka barabara, na kabla hajafika ng'ambo mkono wake ukapanda wenyewe, ukaitia kete kwenye mfuko wa shati pamoja na skrubu za watu.

Mhuri aliona. Mdomo ulifunguka amwite, akaufunga.

Nyumbani alitandika ubao mezani kabla giza halijaingia. Akapanga nyota kumi na mbili upande wake. Ng'ambo akapanga pete kumi na moja, akaacha nafasi ya ile iliyopungua. Kiti cha pili kilikuwa na nguo zilizokunjwa tangu siku za msiba, akazihamishia kitandani. Kisha alikaa. Mashine ilikuwa pembeni, taa yake kijani, imejaa chaji. Aliinyooshea mkono kwa mazoea, akaurudisha. Hakuiwasha, asije akashindwa kusikia hodi.