Mama Sijui: Maisha ya Natalia Patrisi Bayo, Mkutubi wa Karatu

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu, majirani na nyote mliotoka mbali, familia imetutuma tuwasomee safari ya mpendwa wetu Natalia, naye aliagiza mapema kwamba asivishwe sifa hata moja isiyo yake, kwa hiyo tutajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Endamarariek, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Patrisi Bayo na mama Antonia, wakulima wa mahindi na ngano, akabatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na sekondari Arusha hadi 1984, na mwaka 1988 akapata cheti cha ukutubi Bagamoyo, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kupanga vitabu kwa namba na kuvumilia joto. Mwaka 1989 alianza kazi katika maktaba ya shule huko Mbulu, na tarehe 3 Aprili 1995 akakabidhiwa maktaba ndogo ya jamii hapa Karatu mjini, chumba kimoja chenye rafu tano, akakaa hapo hadi ugonjwa ulipomtoa.

Tarehe 26 Desemba 1992 alifunga ndoa takatifu na bwana Vedasto Tluway, dereva wa watalii Ngorongoro, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu la kumpa mgeni, hata akiulizwa umri wa kifaru aliyelala nusu kilomita, na marehemu alizoea kumwambia, Baba Raymond, siku moja huyo kifaru atakuja kukukanusha, naye akimjibu kwamba mgeni hakupanda ndege kuja kusikia sijui. Walijaliwa watoto watatu, Raymond, Janeth na Benson, na wajukuu wawili.

Ilipopitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote, mwishoni mwa mwaka 2023, watu ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba walianza kujaa mlangoni, maana ofisini kuna foleni na redio haijibu ukiiuliza, na marehemu, tuseme ukweli, alifurahi kuonekana anajua. Machi 2024 akaja bwana Tobiko kutoka Malambo, mfugaji mwenye wake watatu, akauliza kama boma lake lote litaingia kwenye kadi moja ya bima, na marehemu, ambaye alikuwa amesoma kipeperushi kimoja tu, akamjibu palepale kwamba boma ni kaya, na kaya ni kadi moja, aende kwa amani. Tobiko akaandikisha nyumba ya mke mkubwa, akiamini nyumba nyingine zimo kwa kuwa lango ni moja, na mwezi Juni mtoto wa mke mdogo alipopata nimonia, jina lake halikuwemo, mama yake akaogopa gharama akarudi naye nyumbani, zikapita siku tatu kabla hajatibiwa, akapona, lakini kwa shida.

Tobiko hakuja kugomba, aliweka kadi juu ya meza ya maktaba, akasema, mama, mimi sikusoma, wewe umesoma, nilidhani mtu aliyesoma anajua asichokijua.

Wiki hiyohiyo marehemu alipanda gari hadi Malambo, akasimama mbele ya wazee, akawaambia kwamba alijibu asilolijua ili aonekane msomi, mzee mmoja akasema wasomi wengi wamefika hapa kutuambia wanachojua, huyu ndiye wa kwanza kula vumbi lote hilo aje aseme sijui, wakacheka, wakampa kondoo jike, ambaye uzao wake mmeuona leo zizini. Jina la Mama Sijui lilizaliwa hapo, likafika Karatu kabla yake.

Tangu siku hiyo aliweka daftari mezani, kila swali la bima likaandikwa kwa maneno ya muulizaji mwenyewe, bila kunyooshwa, na kila Alhamisi saa tatu asubuhi alimpigia simu ofisa wa bima, sauti ikiwa juu, muulizaji akiwa amekaa pembeni akisikia. Mwaka 2025 akawaita watunza maktaba na rafu za vitabu kutoka Mang'ola, Endamarariek na Malambo, akawafundisha jambo ambalo vyuo havina somo lake, yaani kusema sijui bila kuona haya, kutafuta, kisha kumrudia mtu na jibu, na Inosenti wa Mang'ola anakumbuka alivyoambiwa, wewe kijana, ukijibu haraka hivyo nenda ukaendeshe watalii.

Novemba 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na hata wodini wagonjwa walimzunguka na maswali, mpaka daktari akauliza kama hapa ni hospitali au maktaba. Swali la mwisho, la 412, lililetwa tarehe 29 Januari na Anifa, kibarua wa mashamba ya vitunguu Mang'ola, aliyeandikishwa kwao Singida, anayetaka kujua kama kadi yake itamtibu huku msimu wa kuvuna, kwa kuwa ana ujauzito wa miezi minane, na marehemu aliandika chini yake kwa mkono uliokwisha nguvu, sijui, Alhamisi. Alhamisi iliyofuata hakuweza kuinuka, na Jumamosi tarehe 7 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, alifariki dunia akiwa na miaka 59.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika tangu Jumamosi, wakutubi wenzake, na wazee wa Malambo, ambao hawakutumwa na mtu.

Daftari limekabidhiwa kwa Inosenti. Anifa amekaa hapo nyuma, karibu na tangi la maji, na leo ni Jumatano.

Pumzika, Mama Raymond, kwa amani uliyoitafuta kwa miguu yako, kesho saa tatu tunapiga simu.