Mama Lionel na Vyombo Vilivyotoka Motoni

Wapendwa waombolezaji, wachungaji wetu, mashehe mliotoka msikitini hapa Baraka, wanakwaya wa pande zote, majirani na marafiki mliofika kutoka Mboko, Lusenda na Fizi, familia inawaomba mtulie kidogo mkae na sisi, ili kabla ya kumsindikiza muyasikie maisha ya mama yetu, Nimbona Claudette, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Lionel.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1970 huko Rumonge, nchini Burundi, mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Gahungu, fundi seremala, na mama Kaneza, mkulima wa mihogo, ambao wote wawili wametutangulia. Mwaka 1972 nchi ilipovurugika, mama yake alimfunga mgongoni, wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi pamoja na majirani, wakashukia Mboko, na hapo ndipo alipojifunza kutembea vizuri, kusema Kiswahili chetu na kukijua Kibembe, kiasi kwamba wageni walikuwa wakimuuliza ni wa ukoo gani.

Alisoma shule ya msingi hapo Mboko kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari mpaka darasa la tatu, lakini mwezi wa Februari 1985 msumeno ulimkata baba yake mkono wa kulia, vidole viwili vikabaki bila nguvu, na Claudette akaacha daftari akaingia karakana, kwa sababu yeye peke yake katika watoto ndiye aliyekuwa akipenda kukaa pale. Mzee Gahungu alikuwa akitengeneza viti na milango, ila sifa yake ilikuwa magitaa, aliyoyachonga kwa mbao na kuyafunga nyuzi za waya za breki za baiskeli, na tangu mwaka huo yeye alikuwa akisema na binti akifanya, mpaka ikafika siku ambayo mzee hakuwa na la kusema tena.

Ni gitaa lililomleta mume wake. Mwalimu Bertin Asukulu, mzaliwa wa Fizi, kijana aliyekuwa akifundisha Mboko na kuongoza kwaya, alileta gitaa lililopasuka tumbo, likatengenezwa, baada ya wiki mbili akalirudisha limepasuka palepale, na aliporudi mara ya tatu Claudette aliligeuza, akautazama ule ufa, kisha akamwambia mbele ya baba yake:

«Mwalimu, hii gita haikupasuka yenyewe, kuna mutu ameipasua. Kama unataka kuja kwetu, kuja tu.»

Walifunga ndoa tarehe 21 Desemba 1991, na Mungu akawapa watoto wanne, Junior, Lionel, Georgette na Joselyne. Vita vya mwaka 1996 viliwarudisha tena majini, safari hii kuelekea Kigoma, wakakaa kambi ya Lugufu karibu miaka kumi, na huko ndiko walikomzika Junior, aliyechukuliwa na malaria tarehe 3 Aprili 1998 akiwa na miaka mitano. Marehemu hakuwa mtu wa kusema sana juu ya kifo hicho, ila mwaka uliofuata alijiandikisha kozi ya kutengeneza redio, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na saba, na alipoulizwa sababu alisema kwamba mikono yake ilikuwa inataka kazi.

Familia ilirudi tarehe 14 Oktoba 2006, ikafanya makao hapa Baraka, mwalimu akapata darasa, naye marehemu akafungua karakana yake barazani pa nyumba, akitengeneza magitaa, ngoma, kodiani, tarumbeta, na vile vinanda vya umeme ambavyo kwaya zetu zinaviita sinte. Mwaka 2013 alimwendea mtu wa kampuni moja ya bima aliyekuwa amepita kutoka mjini, akamwomba bima ya vyombo vya kwaya, na yule bwana akamjibu kwa adabu kwamba kampuni haiwezi kukatia bima kitu kisicho na risiti, kinachokaa katika nyumba ya mbao, karibu na jenereta. Marehemu hakukasirika. Alikwenda kwa Mahmudu, mfanyabiashara mwenye maboti, ambaye ukoo wake una kikundi cha dufu na tarabu cha kuchezea harusi, akamwambia kwamba yule mtu amesema kweli, na kwamba kazi iliyobaki ni yao wenyewe.

Hivyo ndivyo kilivyoanza chama cha bima ya vyombo, tarehe 2 Machi 2014, kikiwa na kwaya tisa na kile kikundi cha harusi, Waislamu na Wakristo, kila kikundi kikichanga mwezi kwa mwezi, Mahmudu akishika sanduku na marehemu akishika daftari. Mara mbili kwa mwaka alikuwa akizunguka kila mahali, anakishika kila chombo, anakipiga, anaandika kila mkwaruzo, kila ufa na kila ufunguo usiolia, kisha anapiga picha kiongozi wa kikundi akiwa amekishika. Kanuni yao ilikuwa moja, kwamba ajali ikitokea, kinachoweza kutengenezwa kitatengenezwa, na kilichokufa ndicho kitakachonunuliwa kipya, na wa kusema kipi kimekufa ni Mama Lionel.

Sasa tufike tarehe 17 Agosti 2019. Mchana wa siku hiyo, wakati wa kiangazi, petroli ilimwagika karibu na jenereta la kanisa la mtaa wetu, moto ukashika chumba cha nyuma, palipowekwa vyombo vya kwaya ya Mutambala, kwaya ambayo mwalimu Bertin alikuwa kiongozi wake. Watu walivitoa vyote kumi na vinne, vingine vimeungua pembeni, vingine vizima ila vyeusi kwa masizi, na vijana walikuwa wamekwisha kuchota ndoo za maji ya ziwa ili waviogeshe, wakati marehemu alipofika anakimbia, kitenge kimoja mkononi, akipaza sauti ambayo haikuwa kawaida yake:

«Musitie maji! Ile masizi ikikutana na maji, inakula chuma, inaingia ndani ya ubao. Na mutu asiwashe sinte, hata kwa kujaribu!»

Aliomba mikeka, akavilaza vyombo kivulini mahali penye upepo, akalegeza nyuzi zote za magitaa ili shingo zisivutwe wakati gundi bado ina joto, na jioni ile hakufanya kingine chochote, jambo ambalo liliwaudhi wengi, maana waliona fundi amekaa tu anaangalia.

Siku tatu baadaye kamati ya kwaya ilikuja nyumbani. Kwaya ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe ya miaka ishirini na mitano, wageni wamealikwa kutoka Uvira, na kamati ilimwomba aandike kwamba vyombo vyote kumi na vinne vimekufa, ili chama kiwape vipya. Walisema kwa upole, na mumewe alikuwa ameketi upande wao.

«Mama Lionel, andika tu,» mwalimu alisema. «Bote baliona moto. Nani atauliza?»

«Baba Lionel, mi nimeviona,» alijibu. «Tatu vimekufa. Kumi na moja iko na uzima. Na ile sanduku si ya Mutambala peke yake, iko ya makwaya yote. Munipe siku makumi ine.»

Wapendwa, familia haitaficha, kwa sababu mwenyewe hakuwa akificha, siku hizo arobaini zilikuwa ngumu nyumbani. Mwalimu alikuwa akila na kutoka bila neno, baadhi ya wanakwaya waliacha kumsalimu, na mama mmoja alisema sokoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba huyu si wa kwetu, ni Mrundi, hawezi kututakia mema. Maneno hayo yalimfikia. Alikuwa ameishi upande huu wa ziwa tangu akiwa na miaka miwili, na Georgette anasema kwamba siku hiyo mama yake aliingia ndani, akakaa kitandani kitambo, akatoka, akanawa uso, akachukua brashi yake.

Aliyafuta masizi kwa brashi laini iliyo kavu, polepole, kuelekea upande mmoja, kwa sababu ukisugua unayasukuma ndani, kisha akafungua sinte moja baada ya nyingine, akasafisha ufunguo kwa ufunguo kwa pamba na alkoli ya duka la dawa. Matarumbeta, yenyewe shaba tupu, masizi yakishafutwa, aliyaosha kwa sabuni, akayasuuza na kuyakausha siku hiyohiyo kabla hayajaota kutu ya kijani. Magitaa yaliyokuwa yananuka moshi aliyafungia ndani ya kasha pamoja na vikapu vya makaa makavu, akabadilisha makaa kila juma, mpaka ukiweka pua kwenye tundu husikii kitu ila ubao.

Siku ya arobaini alivipanga vyombo kumi na kimoja juu ya mikeka ileile, akawaita wanakwaya na Mahmudu, akawaambia kila mmoja apige chake. Walipiga, vikalia, na chama kikanunua vitatu tu, sinte moja, kodiani na bafle moja, yaani spika kubwa.

Hata hivyo marehemu alikuwa mtu, na alikosea. Katika ibada ya Noeli mwaka huohuo, gitaa la besi alilolihesabu kati ya vyombo vizima liliachia shingo katikati ya wimbo, gundi ikafunguka mbele ya kanisa lote, na wapo waliocheka. Alisimama kwenye benchi la akina mama, hakungoja kuulizwa, akasema:

«Hiyo nilikosea mimi. Niliangalia mbele, sikuangalia ndani ya kiungo. Andikeni chombo cha ine.»

Na chama kikanunua cha nne.

Tarehe 6 Februari 2021, mchana, moto uliteketeza kanisa la mbao katika kambi ya Lusenda, ambako kwaya ya wakimbizi wa Burundi ilikuwa imejiunga na chama tangu mwaka 2018. Safari hii hapakuwa na cha kusafisha. Marehemu alifika kesho yake asubuhi, akapekua majivu kwa fimbo mpaka saa sita, akapata vipande vya chuma na pete za ngoma, akaandika katika daftari, chombo kwa chombo, nane kati ya nane, kimekufa, na alipomaliza aliwashika mikono wale wanakwaya, akasema nao Kirundi cha mama yake, ambacho watoto wake mwenyewe hawakuwahi kumsikia akikisema muda mrefu hivyo. Sanduku lilikuwa na cha kutosha vyote vinane, na Mahmudu aliwaambia waliokuwepo, bila kuzunguka, kwamba kama Mutambala wangepewa kumi na vinne, Lusenda wangepewa pole tu.

Mwalimu Bertin aliomba yeye mwenyewe avipeleke vyombo hivyo. Alivipakia garini, akavishusha kimoja kimoja, na aliporudi Baraka alisimama mbele ya kwaya yake siku ya mazoezi, akasema maneno haya, ambayo ametuomba tuyasome kama alivyoyasema:

«Mi nilitaka muke wangu aandike uongo kwa ajili yangu. Alikataa. Mwenye alituaibisha si yeye, ni mimi. Mama Lionel, unisamehe.»

Naye alijibu kutoka kwenye mlango, alikosimama na ufunguo wa karakana: «Ilisha zamani, Baba Lionel. Muimbe.»

Kuanzia hapo chama kilikua, na hadi leo kina vikundi ishirini na vitatu, toka Mboko hadi Fizi, na viwili kutoka Minembwe, huko milimani, ambavyo hushusha magitaa yao kwa pikipiki. Marehemu alifundisha kazi yake kwa akina mama wanne, na wa kwanza kati yao ni binti yake Joselyne.

Ugonjwa ulianza mwezi wa Septemba 2023, shinikizo la damu kwanza, kisha figo, akalazwa mara tatu, na kila aliporudi aliendelea na kazi akiwa ameketi. Alilazwa mara ya mwisho tarehe 28 Mei 2025 hapa Baraka, na kwa siku kumi alimkabidhi Joselyne daftari, ukurasa kwa ukurasa, akimwambia: «Usiandike kitu chenye haujaona na macho yako. Hata kama ni mimi nimekuambia.» Aliaga dunia tarehe 11 Juni 2025, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania bila kuchoka, majirani walioteka maji na kupika tangu juzi, wachungaji na mashehe waliokaa pamoja naye, ndugu yetu Mahmudu aliyetoa boti kwa wasafiri wa ng'ambo, wanakwaya wa Mutambala na wa Lusenda ambao wamelala hapa nasi, na mama yule wa sokoni, ambaye hatutamtaja, aliyekuja hospitalini na uji kila asubuhi mpaka ya mwisho.

Tena kuna tangazo moja. Karakana ina vyombo vitano vya watu, ambavyo marehemu hakuwahi kuvimaliza. Wenyewe wasione haya kuja kuviulizia kwa sababu ya msiba, Joselyne anasema vitakuwa tayari mwisho wa mwezi, isipokuwa gitaa la Useni wa Mboko, ambalo anaomba kusema ukweli kwamba halitapona.

Mama Lionel, binti wa Gahungu na Kaneza, kazi yako tumeiona kwa macho yetu, na tumeiandika kama ilivyo. Pumzika sasa, mama, kwa amani.