Koti Moja la Praha

Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, Mama Leokadia. Viongozi wetu wa dini. Ndugu wageni waalikwa mliofika hapa Greenbelt, ughaibuni kwetu. Na wewe, dada yangu Mwatumu wa Oxon Hill: salamu zangu ni fupi, kwa kuwa pumzi yangu nayo imekuwa fupi.

Mmeniomba nifungue maonyesho ya filamu fupi za vichekesho za Chekoslovakia, nilizozihifadhi tangu nikiwa mwanafunzi Praha. Mnauliza zina utamu gani? Ni dakika kumi tu: mtu mzima, nadhifu, anapigana na mlango, na mlango unashinda. Ndani ya filamu hacheki mtu. Kucheka mmeachiwa ninyi, na wengi wa wanaowachekesha wamekwisha kufa.

Katika ile ya mwisho, ya mwaka 1962, mtaniona mimi, mpita njia wa kukodiwa, nikisubiri tramu, lile gari la reli la mjini, nimependeza ndani ya koti zito. Kando yangu yupo kijana mwenye shati, anatetemeka. Huyo ni Khalfan, kaka yake Mwatumu. Koti tulikuwa nalo moja, tukilivaa kwa zamu, na siku ile zamu ilikuwa yake. Nililiomba ili nionekane muungwana.

“Haya, bwana harusi,” alinitania, “fanya haraka, usije ukanirudisha Tanga nikiwa barafu ya ukwaju.”

Mwelekezi wa filamu aliupenda mtetemeko wake. Tukarudia mara saba. Je, kati ya mara hizo saba, nilishindwa nini kulivua nikampa? Wiki ya tatu baada ya siku ile tulimzika, kilimuua kichomi.

Dada, juzi uliniuliza, “Kaka Dunstan, hata picha moja ya Khalfan huna?” Nikasema sina. Ndivyo nilivyomwandikia hata mama yenu. Kumbe kila mwaka nilikuwa nikimtazama, peke yangu, mapazia nimeyafunga. Mimi nazeeka, yeye hazeeki. Na kila mwaka naona kama ananikazia macho muda mrefu kidogo kuliko mwaka uliopita. Linalonitisha zaidi ni kwamba akianza kutetemeka, mimi hucheka. Nanyi mtacheka.

Madaktari wamenipa wiki chache. Dada Mwatumu, filamu hii ni yako kuanzia sasa. Ukitaka ioneshwe, Godlisten yuko kwenye mashine ya filamu, atazima taa. Ukitaka kuichukua uende nayo, hakuna atakayekuzuia.

Asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa tumsikilize yeye, Mwatumu.