Mwalimu Kiguu na Jina Asilolifuta

Kwa niaba ya familia, mdogo wake marehemu, fundi viatu, ameandika haya ili wote tuliokusanyika hapa tumkumbuke jinsi alivyokuwa.

Marehemu dada yetu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu alikuwa mfagiaji wa ofisi ya posta na mama dobi wa hospitali kuu. Mama alizoea kusema kwamba binti huyu alikuja duniani king'ora cha zamu ya asubuhi kikilia, ndiyo maana hakuwahi kumsamehe mtu aliyechelewa. Alipokuwa na miaka minane aliwapanga wadogo zake sebuleni, akawa mwalimu wao. Siku moja fundi viatu alichelewa kwa kuwa alikuwa chooni. Akaambiwa, "Simama nje." Akasimama. Mvua ikaanza, naye akaendelea kusimama, mpaka mama aliporudi akamkuta ameloa chepechepe. "Mbona huingii?" mama akauliza. Akajibu, "Mwalimu hajaniruhusu."

Alianza darasa la kwanza Januari 1973 na kumaliza la saba mwaka 1979. Uwezo wa nyumbani ulikuwa wa kumsomesha mtoto mmoja tu sekondari, na kila mmoja alijua ni nani. Fundi viatu aliishia la saba bila kinyongo, kwa sababu kila likizo dada alirudi na vitabu vyake na kumsomesha upya, kwa ukali uleule. Alipata cheti cha ualimu tarehe 12 Desemba 1986.

Alifundisha shule ya msingi karibu na soko kuu kwa miaka ishirini na miwili. Huko ndiko alikoanza kuwahesabu watoto wasiorudi. Kulikuwa na wasichana waliojifungua, wavulana waliotoka mahabusu, wabeba mizigo wa sokoni, na mmoja aliyeonekana mtukutu kumbe hasikii vizuri. Mwezi Januari 2009 aliacha ajira na kuwafungulia kituo chao, ghorofa ya juu ya jengo lililokuwa ghala la vipuri. Sakafu yake mpaka leo ina madoa ya oili. Watu wa mtaani wakakiita shule ya makombo. Siku mwenye duka la jirani alipomtania, "Mwalimu, makombo yako yanaendeleaje?" alimjibu papo hapo, "Makombo ni chakula kilichopikwa vizuri, ila wenye nyumba wakashindwa kula."

Mtoto akikosa siku moja, jioni Mwalimu yuko mlangoni kwao. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Kiguu, yaani kiguu na njia, naye akalipokea. Vyumba vilitosha watoto arobaini na mmoja, na chini kwenye ngazi hawakukosa wazazi waliokuja kuuliza nafasi. Kwa hiyo aliweka sharti: ukikosa mara tatu bila taarifa, jina linafutwa, nafasi anapewa anayengoja. Alipoita rejista asubuhi, mtoto alijibu "Nipo" kwa sauti, akawekewa alama ya vema. Hakuna aliyelaumu sharti lile. Wazazi walilisifu. Familia inaomba likumbukwe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakulisahau.

Tarehe 7 Septemba 1991 alifunga ndoa na dereva wa lori. Shemeji yetu ni mtu wa masihara. Kwenye kalenda ya jikoni mkewe alikuwa akimwekea vema siku anazolala nyumbani na herufi H siku anazokuwa safarini, yaani hayupo. Shemeji husema, "Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka thelathini na kitu, lakini kwa hesabu ya mke wangu nina miaka kumi na minne tu." Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni muuguzi na mvulana ambaye ni fundi umeme.

Jumatatu tarehe 23 Machi 2020 shule zote zilifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa mapafu. Masomo yakahamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu. Katika watoto arobaini na mmoja wa kituo, wenye redio nyumbani walikuwa tisa. Mwalimu alivaa barakoa akaenda ofisi ya elimu kuomba msaada. Karani akapitisha kidole kwenye karatasi.

"Mama, shule yako haimo kwenye orodha."

"Na watoto wangu, wamo kwenye mji huu?"

"Hilo mimi siwezi kujibu."

"Basi nitajijibu."

Mwenye duka la fotokopi, ambaye naye alikuwa hana wateja, alimwambia, "Mashine imelala tu, dada. Lete masomo yako tuiamshe." Mwalimu akawa anaandika masomo kwa mkono, wanayatoa nakala, wanayatia kwenye bahasha. Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kimefungwa, kwa maana watu wasiotoka nyumbani hawamalizi soli. Akashona mkoba mkubwa wa turubai, akawa mchukuzi. Kuanzia Jumatatu tarehe 6 Aprili walizunguka nyumba zote arobaini na moja. Jumatatu walipeleka bahasha, Alhamisi walikusanya zilizojazwa na kurudisha zilizosahihishwa. Kuingia ndani kulikatazwa. Mwalimu alisimama hatua mbili kutoka mlangoni, akaita jina. Mtoto akajibu "Nipo" kutoka ndani, Mwalimu akaweka vema kwenye rejista, bahasha ikawekwa kizingitini. Sharti lilikuwa lilelile, Jumatatu tatu. Miezi ile kituo hakikupoteza hata mtoto mmoja, na watu walilizungumza jambo hilo kwa fahari. Fundi viatu naye alijivuna kidogo.

Kati ya wanafunzi alikuwapo binti wa miaka kumi na minne tuliyemwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa akisema tangu anaingia mpaka anatoka. Aliishi na mama yake mdogo, mshonaji wa kiwanda cha nguo, na mdogo wake wa miaka kumi, juu ya karakana ya mchomeleaji. Mwanzoni, Mwalimu akiita jina lake, Chiriku alijibu na kuongeza habari zote za jengo: nani anakohoa, nani kagombana na nani, na "Mwalimu, leo barakoa umeivaa juu chini." Mwalimu alicheka njia nzima.

Tangu Jumatatu ya tarehe 11 Mei, mlango ule ulijibu neno moja tu. "Nipo." Chini mchomeleaji alikuwa akigonga vyuma. Mwalimu akaweka vema. Ikawa hivyo Jumatatu saba.

Karatasi nazo zilirudi zimejazwa, lakini mwandiko ulikuwa mkubwa na umelala. Mwalimu akaandika kwa kalamu nyekundu, "Mwandiko gani huu? Umezembea." Wiki iliyofuata akaandika, "Bado. Rudia yote." Karatasi zikarudi zimerudiwa, safari hii herufi zimebanwa, zimefutwa na kuandikwa tena mpaka karatasi imetoboka. Akaandika, "Rudia."

Alhamisi tarehe 25 Juni, kabla Mwalimu hajaita, mlango ulifunguka nusu. Alitokea yule mdogo, amevaa sare ya dada yake, mikono imekunjwa mara tatu.

"Mwalimu, penseli imeisha. Naweza kurudia kwa kalamu?"

"Dada yako yuko wapi?"

Mtoto akamtazama usoni, akasema, "Nipo."

Fundi viatu alikuwa nyuma na mkoba begani. Mpaka leo akisikia chuma kikigongwa, neno lile humrudia, na sauti yenyewe hujui ni ya nani kati ya wale wawili.

Mama mdogo alitoka akifuta mikono. Alikuwa amepunguzwa kiwandani tangu Aprili. Alisema, "Mwalimu, usinitazame hivyo. Alikuja mama mmoja na gari dogo jeupe, anatafuta binti wa kusaidia nyumbani. Akasema mpaka shule zifunguliwe tu. Akaacha namba."

"Nipe hiyo namba."

"Haipatikani. Nimepiga mpaka nimechoka."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Aliyejibu ni mtoto. "Dada alisema ukiitwa useme nipo, na uandike, wasije wakamfuta. Alisema Jumatatu tatu wanafuta."

Mwalimu alikaa kwenye ngazi ya karakana. Mchomeleaji akamletea maji, hakunywa. Mwishowe alimwambia mtoto, "Mwandiko wako ni mzuri. Mimi ndiye niliyekosea." Bahasha zote arobaini zilizobaki fundi viatu alizipeleka peke yake siku ile, na yeye ndiye aliyeita majina, kwa sauti ambayo baadhi ya milango haikuisikia.

Sharti likafutwa siku iliyofuata. Mwalimu alikwenda polisi, maelezo yakaandikwa. Alikwenda stendi, alikwenda kwa mawakala wanaotafutia watu wafanyakazi wa ndani. Picha ya Chiriku ilikuwa moja tu, ya darasa zima, na hata hapo alikuwa akiongea: mdomo wazi, uso umetikisika. Uliyemwonyesha aliona kivuli chenye meno. Kwa karibu miaka mitatu, kila Jumamosi, dada na mdogo wake walipita mitaa ya mageti makubwa. Mwalimu alibisha hodi, akauliza, akakataliwa, akaita lile jina kwa juu ya ukuta. Mlinzi mmoja alimfokea, "Mama, hapa unaita mzimu!" Akamjibu, "Mzimu haufui nguo, mwanangu. Nyuma ya ukuta wako kuna mtu anafua."

Alikuwapo. Alitoka binti akiwa na povu mpaka viwikoni. Hakuwa Chiriku. Aliposikia wanatafuta nini alinong'ona, "Mwalimu, hata mimi naweza kuja?" Alikuja, baada ya barua nyingi na safari nyingine ya polisi. Kutoka nyuma ya mageti yale walikuja watatu. Wawili wamo humu leo. Mwalimu aliwafurahia kwa moyo wote, na kila mmoja alipopanda ngazi za kituo mara ya kwanza, alitazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine anafuata.

Shule zilipofunguliwa aliendelea kuliita jina la Chiriku kila asubuhi, akinyamaza kidogo kabla ya kupita kwa linalofuata. Wanafunzi wapya waliogopa kukaa kwenye kiti chake kilichoachwa wazi. Siku moja mdogo wake Chiriku, ambaye sasa naye alikuwa mwanafunzi kwa jina lake mwenyewe, alijisahau akajibu, "Nipo." Mwalimu akaenda akamshika bega, akasema, "Wewe upo. Yeye bado," akaendelea na rejista. Katika kisanduku cha Chiriku hakuweka vema wala H. Mkaguzi alipokuja alilalamika, "Mwalimu, hapa lazima uweke alama." Akasema, "Nikijua, nitaweka."

Mwishoni mwa 2022 miguu ilianza kuvimba, naye akadhani ni kutembea. Ilikuwa figo. Alilazwa mara ya kwanza tarehe 3 Machi 2023, kisha akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Binti yake alimuuguza kama anavyouguza wengine, bila kulia mbele yake. Shemeji yetu aliegesha lori, na kalenda ya jikoni ikajaa vema mwaka mzima.

Katika mkoba wa hospitalini alitembea na zile karatasi za wiki saba. Mapema mwezi huu, mchana, wenzake wa wodini wakiwa wamelala, alimwambia fundi viatu, "Mwandiko ulipobadilika niliona. Usiseme sikuona. Niliona, nikadhani ni uvivu."

Fundi viatu akasema, "Dada, milango ilikuwa arobaini na mmoja."

"Wewe ulisimama kwenye mvua kwa sababu nilikuambia usimame. Na yule akasema nipo kwa sababu nilisema nitafuta. Watoto mnanitii sana."

Baadaye dada akatoa agizo, na kamati ya kituo imelipokea: kiti apewe mtoto anayengoja, kwa maana mtoto anayengoja hana kosa. Jina lisifutwe. Liandikwe kila mwaka katika rejista mpya, liitwe, na kisanduku kiachwe wazi mpaka ijulikane.

Alifariki dunia Ijumaa tarehe 17 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na wanafunzi wa sasa arobaini na mmoja. Ameacha pia mwanafunzi mmoja ambaye hatujui alipo. Mwaka huu ametimiza miaka kumi na minane. Ana kovu dogo chini ya kidevu, na huongea haraka. Yeyote aliyemwona, au anayemjua mama wa gari dogo jeupe, afike kwenye kibanda cha fundi viatu mkabala na posta, siku yoyote, hata kama habari yenyewe ni mbaya. Na kama ni yeye mwenyewe anayesoma karatasi hii, ajue hajafutwa, na hakuna atakayemuuliza alikuwa wapi kabla hajakaa.

Pumzika kwa amani, dada. Kutafuta tutaendelea sisi.