Moshi wa Tynena

Aliyemwambia Tynena kwanza ni mama mkwe wake, Rultyneut. “Mwanangu, walarasi wamepanda rasini. Upepo ukitoka kwetu kwenda kwao, hakuna kuwasha jiko.” Siku tatu zilipita, upepo haukugeuka. Makaa yalilala ndooni, na mtoto wake wa miezi saba akaanza kukohoa. Mumewe, Omryn, alikuwa huko huko rasini, amejibanza chini ya jabali akiwalinda wale wanyama wakubwa wa baharini, wenye pembe kinywani, wasishtuliwe. Jioni ya tatu Tynena alimbeba mtoto kifuani, ndani ya vazi la manyoya, akaenda kwenye benchi la nyuma ya duka kuwaomba wazee ruhusa ya moto. Alipofika, aliwakuta katikati ya mabishano. Akakaa pembeni. Wazee watatu walikuwa wakinywa chai ya jiko dogo la mafuta, lisilotoa moshi: Redio, asiyejua kunyamaza, Kapteni, ambaye mashua yake ilizama zamani, na Meno, aliyebakiwa na mawili.

— Moshi mmoja tu! alisema Redio. Mwaka ule kundi zima liliporomokea majini, wakubwa juu ya wadogo. Ndama themanini wakakanyagwa.

— Punguza chumvi, alisema Kapteni. Walishtuliwa na mbwa.

— Mbwa gani ana bomba la moshi?

— Nyote hamjui kitu, alidakia Meno. Walarasi hutafuta chaza matopeni, gizani, kwa masharubu tu. Masharubu hayo yatashindwa kujua nani kapika nini?

— Masharubu hayanusi, Meno, alisema Kapteni.

— Ya kwako.

Redio akasogea mbele.

— Sikilizeni. Wana mlinzi. Dume moja zee, halilali. Linavimbisha koo, linaelea wima kama chupa, jicho moja huku kijijini. Linahesabu mabomba yetu.

— Linajua kuhesabu mpaka ngapi? aliuliza Kapteni.

— Ishirini na tisa. Kwani nyumba zetu ni ngapi?

Kapteni akazihesabu kwa kidole, akaishia ishirini na tisa.

— Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, alisema Meno. Basi pasipofuka moshi pana nyama.

— Na pakiwa na mizoga, dubu watakuja, alisema Kapteni. Watapita hapa hapa. Na Omryn yuko kule chini, nyuma yake jabali, mbele yake pembe elfu mbili. Walarasi wakishtuka, hana pa kukimbilia.

Meno akampiga kiwiko.

— Mkewe huyo!

— Aa, samahani, binti. Usihofu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Tynena akakaza mikono. Alitaka kusema: nyumba yangu ni baridi. Mtoto ndiye aliyesema. Alikohoa, kikohozi kikavu, halafu kingine.

— Mfunike! Redio alinong’ona, akitazama rasini. Hata hicho wanakisikia.

— Jike la walarasi humkumbatia ndama kifuani hata baharini, alisema Kapteni. Mfanyie vivyo hivyo.

— Jike la walarasi lina mafuta unene wa kiganja, ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Galya, nesi mpya aliyeteremka melini juzi. Alipenyeza mkono ndani ya manyoya, akaishika miguu ya mtoto.

— Miguu imepoa kama jiwe. Leo mtoto huyu atalala wapi penye joto?

Kapteni alimtazama Meno. Meno alitazama kikombe chake. Mwisho Kapteni akaitikisa chupa ya chai. Ilikuwa imekwisha. Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana.

Usiku ule Tynena hakulala. Alihesabu vikohozi.

Asubuhi upepo ulikuwa ule ule. Alipasua magogo yaliyoletwa na bahari, akaweka makaa juu, akawasha. Mama mkwe aliamka, akaona. Alimchukua mtoto, akamsogeza karibu na jiko.

Miguu ya mtoto ilipopata joto, Tynena alijaza chai kwenye chupa, akaenda kukaa katikati ya benchi, mahali ambapo kila aliyeuona moshi wa bomba lake angemwona na mwenyewe. Akatega sikio rasini. Ngurumo ya walarasi ilikuwa ile ile ya jana, nzito, bila kishindo cha maji. Bado.

Redio alitokea. Akautazama moshi, akamtazama yeye.

Tynena akammiminia chai.