Sista Vedavalli Anakiacha Chumba cha Leza

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Sista R. Vedavalli wa idara ya ngozi atastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu ya serikali kwa miaka thelathini na minne, mwezi mmoja na siku kumi. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Sisi tungeridhika na miaka. Hafla itafanyika saa tisa alasiri katika ukumbi wa wauguzi, na wafanyakazi wote mnakaribishwa.

Aliajiriwa Mei 1991, akapangiwa wodi ya majeruhi wa moto. Kubadilisha bandeji za mtu aliyeungua ni kazi ya maumivu, na dawa za kutuliza zilikuwa haba siku hizo, kwa hiyo Sista akabuni ya kwake. Kila alipobandua bandeji alimsimulia mgonjwa visa vya mama mkwe wake. Kisa kilikatwa pale bandeji ilipokwisha, kikaendelezwa kesho yake. Hadi leo wapo wanaomsimamisha sokoni kumwuliza, "Sista, yule mama mkwe alikubali kununua friji?" Mama mkwe huyo sasa ana miaka themanini na minane, ni mzima wa afya, na atakuwepo kwenye hafla. Tunamwomba radhi mapema.

Mwaka 2008 alihamia idara ya ngozi. Mashine ya leza ilipoletwa, miaka kumi na moja baadaye, ilikaa miezi saba koridoni ndani ya sanduku lake la mbao, watu wakiweka faili na vikombe vya chai juu yake, kwa kuwa hakuna aliyefunzwa kuitumia. Sista Vedavalli alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Aliomba ruhusa, akaenda kusoma pamoja na vijana wa umri wa wanawe, akarudi, akaondoa vikombe, akamwita fundi umeme. Hivyo ndivyo kilivyofunguliwa chumba namba 14, kliniki ya kila Alhamisi.

Kwa faida ya wafanyakazi wapya, naomba nieleze kidogo. Mwanga wa leza hufuata weusi wa unywele, kama maji yanavyofuata mfereji, ukashuka mpaka kwenye mzizi na kuuchoma. Mara moja haitoshi, kwa sababu nywele hazioti zote kwa pamoja. Ndiyo maana mgonjwa huhitaji mizunguko minane, mmoja kila baada ya wiki sita. Kabla ya mzunguko anaweza kunyoa kwa wembe, kwa kuwa mzizi unabaki ndani. Haruhusiwi kung'oa. Unywele ukishang'olewa, mwanga hauna pa kupita, na mzunguko unapotea bure. Msomaji na alishike jambo hilo, maana ndilo lililokaribia kutuponza.

Wagonjwa wengi wa chumba namba 14 ni thirunangai, jina la heshima katika Kitamil kwa wanawake ambao walipozaliwa waliandikwa wavulana. Kabla ya leza walitegemea kibano. Binti anapopokelewa katika nyumba ya wenzake, mama mlezi wa nyumba hiyo humkabidhi kibano cha chuma, na tangu hapo hujing'oa ndevu, unywele mmoja mmoja, kwa kioo cha mkononi. Walikuwa wakitufikia hapa na majipu, usaha na makovu. Asubuhi hawakuthubutu kutoka nje mpaka uso uwe tayari, na hakuna mwajiri anayesubiri uso. Mfuko wa matibabu ulipokubali kugharimia leza, ulikuwa unatibu ngozi, na pamoja na ngozi ulikuwa unampa mtu nafasi ya kupita njiani bila kutupiwa maneno na kufika kazini saa mbili.

Sista alijua kwamba mtu haachi kibano kwa kuambiwa tu. Akaweka bati la biskuti mezani. Kila mgonjwa mpya aliacha kibano chake humo, kimefungwa karatasi yenye jina. Sista naye, kwa upande wake, alikunja mkono wa sare na kujipiga mwanga mmoja kwenye mkono wake wa kushoto, mgonjwa akiangalia.

"Ni kama kuchapwa na raba bendi," alikuwa akisema. "Anayelia namnyima biskuti."

Biskuti hazikuwepo. Lakini leo mkono wa kushoto wa Sista hauna unywele hata mmoja kuanzia kiwiko hadi kiganja, na wa kulia uko kama alivyozaliwa nao. Wagonjwa ishirini na wanane wamekwisha kukamilisha mizunguko yote minane. Hakuna hata mmoja aliyerudi kudai kibano.

Februari mwaka huu tuliarifiwa kwamba kamati ya mfuko inapitia upya orodha ya matibabu, na kwamba uondoaji wa ndevu kwa thirunangai huenda ukafutwa kwa kuwa ni urembo. Mwenyekiti wa kamati, Daktari Ekambaram, angekuja kujionea mwenyewe Alhamisi tarehe 20. Sista aliwaita wagonjwa wake kumi na mmoja waliokuwa katikati ya matibabu.

"Wanangu, wageni wakubwa wanakuja," aliwaambia. "Mje nadhifu."

Katika miaka yote hiyo hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua, na amenikataza nisilifiche.

Walikuja wote kumi na mmoja kabla ya saa tatu, wamevaa sari za hariri, wamechomeka jasmini kwenye nywele, na nyuso zao zinang'aa kama mayai yaliyomenywa. Katika nyumba zao mgeni wa heshima hapokewi na uso wa wembe, kwa sababu wembe huacha kivuli. Walikuwa wamevitafuta vibano vya akiba, wakakaa duara, wakang'oana. Sista alipofungua mlango alishika fremu.

"Mmefanya nini?"

"Tumekuwa nadhifu, Mama," alijibu Kuyili, mdogo wao, kwa furaha. "Mpaka shingoni!"

Daktari Ekambaram aliwatazama mmoja mmoja, kwa adabu, akaandika. Sista alimweleza habari ya kibano, akamwonyesha na bati. Daktari akasikiliza mpaka mwisho.

"Sista, nikiandika kwamba nimeona ndevu nitakuwa mwongo," alisema. "Mimi nimeona nyuso laini."

Ripoti ingefungwa tarehe 31 Machi. Siku ile katika chumba cha chai Sista hakugusa idli zake, vile vikate vya mchele vya mvuke.

Hapa sina budi kumtambulisha Kuyili vizuri zaidi. Ana miaka ishirini na sita, na alikuwa katika mwaka wa majaribio kama mpishi msaidizi wa chakula cha mchana katika shule ya msingi. Alikuwa amemaliza mizunguko mitatu. Shavu la kulia lilikuwa limeitikia vizuri; la kushoto na kidevu vilikuwa vimejaa usaha alipofika kwetu mara ya kwanza, kwa hiyo Sista alivisubirisha vipone. Mfuko ungejitoa wakati ule, Kuyili angebaki na ndevu nusu uso. Mwenyewe alisema hata mbuzi angemcheka. Lakini hakuwa na hofu ya mbuzi. Alikuwa na hofu ya mwalimu mkuu ambaye angemthibitisha kazini, au asimthibitishe, mwezi Mei.

Sista aliomba ukaguzi wa pili. Akajibiwa kwamba Daktari atarudi Alhamisi tarehe 27 Machi, mara moja tu. Sasa ilimbidi kuwaomba wagonjwa wake kitu ambacho hajawahi kumwomba mtu: wasing'oe kwa wiki tano, na siku kumi za mwisho wasiguse hata wembe.

"Siku kumi, Mama?" alisema mmoja. "Si bora niugue tu?"

"Simlazimishi mtu," alijibu Sista. "Niliyekosea ni mimi."

Ndipo Kuyili aliposema, "Mimi nina mwiko mrefu wa kukorogea mchuzi wa sambar. Atakayenicheka hapati viazi." Wenzake wakacheka, naye akacheka. Sista aliona kwamba mkono wa binti huyo ulikuwa umeshafunika kidevu.

Siku mbili za kwanza bila wembe, Kuyili alijifunika kwa ncha ya sari. Siku ya tatu mvuke wa sufuria ukamshinda, akajifunua, na mtoto wa darasa la pili akamwuliza mbele ya foleni nzima, "Dada Kuyili, umekuwa mjomba?"

"Mjomba ndiye mwenye mwiko," alimjibu. "Unakula au huli?"

Alikula, tena akaongezwa. Lakini jioni yake mzazi mmoja alikwenda kulalamika, na kuanzia kesho yake Kuyili akaamriwa kupakulia nyuma ya mlango wa stoo, sahani zikipitishwa na mwenzake. Sista Vedavalli alianza kuonekana kwenye geti la shule ile kila alasiri baada ya zamu. Hakuingia ndani kumtetea, maana aliogopa kuharibu zaidi. Alimsubiri tu Kuyili atoke, wakatembea pamoja hadi nyumbani kwa binti huyo, kisha yeye akarudi njia nzima peke yake. Katika siku hizo Sista alikonda, na aliacha kusimulia habari za mama mkwe.

Tarehe 27 Machi, kati ya kumi na mmoja, walikuja wanne. Kuyili alikuwa wa kwanza. Kwenye dirisha la karatasi za wagonjwa wa nje mlinzi alimwashiria kwa kidole.

"Kaka, foleni ya wanaume ile pale."

Kuyili hakusogea. Aliyejibu ni bibi mmoja aliyekuwa nyuma yake, mgonjwa wa magoti. "Kaka yuko wapi? Mimi namwona binti anayenichelewesha. Songa mbele, mwanangu, miguu inaniuma."

Ndani ya chumba namba 14 Daktari Ekambaram aliwasha taa, akamgeuza Kuyili uso huku na huku. Shavu la kulia lilikuwa laini. La kushoto na kidevu vilikuwa na ndevu nzito, na chini yake makovu.

"Siku hizi kumi umeishije?" aliuliza.

"Kwa kupakua chakula nimegeukia ukuta, Daktari."

Akatazama tena shavu moja, kisha la pili, kana kwamba ni watu wawili. Sista Vedavalli, ambaye kwa kawaida huwaeleza madaktari mambo kwa kirefu, alisema maneno machache tu. "Upande huu ni wa mfuko wenu. Upande huu ni wa kibano."

Daktari aliandika muda mrefu. Matibabu yakabaki kwenye orodha. Kuyili alianza mzunguko wake wa nne wiki iliyofuata, na Mei alithibitishwa kazini.

Ningependa kuishia hapo, lakini barua ya kamati ilikuwa na sharti moja: chumba kiwe na mwendeshaji aliyefunzwa, aliyeteuliwa kwa jina. Jina lililoandikwa ni la Sista Vedavalli, naye anastaafu tarehe 30 Juni. Tangu Aprili amekuwa akimfundisha Sista Arokiamary, muuguzi hodari, ambaye mkono wake wa kushoto nao umeanza kupata mabaka laini yasiyo na nywele. Karatasi za uteuzi wake zilipelekwa makao makuu kabla ya wiki ya kwanza ya mwezi huo kwisha. Tukipiga simu tunaambiwa ziko mezani. Hatuambiwi meza ya nani. Ninaandika haya Ijumaa tarehe 27 Juni, na uteuzi haujafika. Usipofika kabla ya Jumanne asubuhi, sharti litakuwa limevunjwa na chumba kitafungwa.

Jana ilikuwa kliniki ya mwisho ya Sista. Mgonjwa wa mwisho alikuwa Kuyili, mzunguko wa sita. Alipomaliza kupakwa dawa ya kupoza hakuinuka.

"Mama, nipe kibano changu," alisema.

"Cha nini?"

"Nikae nacho tu. Bado miwili, na wewe unaondoka. Hujui, sijui."

Sista alilivuta bati, sote tukadhani analifungua. Akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo Kuyili hafikii. Kisha akafungua daftari la miadi na kuandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa: Kuyili, mzunguko wa saba, Alhamisi 7 Agosti. Kuyili, mzunguko wa nane, Alhamisi 18 Septemba. Akaendelea chini na majina ya wengine wote, kila mmoja na tarehe zake, hadi mwisho wa Desemba.

"Kibano utakichukua tarehe 18 Septemba," alimwambia. "Ukatolee miiba ya samaki."

"Na nikija Agosti nikakuta kufuli?"

"Utanikuta na mimi nimekaa mlangoni. Siku hizo nitakuwa sina kazi."

Sista Vedavalli, kwa niaba ya idara ya ngozi, ya wodi uliyoituliza kwa visa, na ya mama mkwe ambaye leo amesoma yaliyosemwa juu yake, tunakushukuru. Pumzika, lima bamia zako, cheza na wajukuu, maisha yako yawe mema na marefu. Lakini tunajua utakuwa wapi saa tatu asubuhi ya tarehe 7 Agosti. Sisi tuliobaki tumeapa kuendelea kupiga simu kila siku mpaka meza ile ipatikane, ili siku hiyo uukute mlango uko wazi, na uingie kama mgeni: tena mgeni mkubwa, wa kupokewa na watu nadhifu walionyoa kwa wembe.