Jumatano za Mama Hulda Mujinga

Jumatatu tarehe 11 Machi 1957, saa nne asubuhi, Dorothée alirudi kutoka hospitali ya Kamina akiwa amebeba shuka za mama yake zilizokunjwa. Uani walikuwapo wasafiri sita, wakila huku wakingoja gari moshi la kwenda Kaniama. Walizitazama zile shuka. Waliweka sahani chini, wakasimama. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyojua kwamba Mama Hulda Mujinga ametutoka.

Marehemu alizaliwa mwaka 1911 karibu na Kabongo, wakati wa kuvuna mahindi. Alisoma shule ya misheni toka 1921 hadi 1927, kisha akafundisha wasichana kusoma na kushona.

Tarehe 17 Agosti 1929 alifunga ndoa na Timothée Kabwe, mwinjilisti aliyekuja kuwa mchungaji baadaye. Januari 1930 walihamia Kamina, nyumba ya karibu na stesheni. Kila Mkristo aliyekosa gari moshi alilala kwao. Mama aliwapikia bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, akawafulia, akawauguza wagonjwa, na bado aliongoza darasa la kushona.

Miaka kumi na moja ilipita bila yeye kupumzika. Jambo linalofuata alitaka mwenyewe lisifichwe. Juni 1941, jioni, mama mmoja kutoka Mulongo alibisha hodi akiwa na mtoto mwenye homa. Mama Hulda alimjibu, “Nafasi hakuna. Enda.” Nafasi ilikuwapo. Kesho yake alikimbia stesheni kumwomba msamaha, lakini gari moshi lilikuwa limeondoka. Alirudi akilia, akamwambia mumewe, “Baba Dorothée, chakula ningali nacho. Roho njo imekauka.”

Tangu hapo, kila Jumatano, alichukua Biblia yake akaenda mwisho wa shamba la mihogo, karibu na kijito. Alisali huko peke yake mpaka saa tisa. Siku hiyo wageni walijipikia.

Shangazi wa mumewe, Tante Noémie, alifika Jumatano moja akakuta jiko limepoa.

“Bageni beko na njaa,” alipiga kelele, “na bibi ya muchungaji iko mu shamba, anafumba macho!”

“Tante, bunga iko, kuni iko,” Baba Kabwe alimjibu.

“Minyi njo nipike? Minyi mugeni!”

“Weye haiko mugeni, Tante. Leo weye njo mama ya nyumba.”

Alipika, huku akitukana kila kipande cha kuni. Lakini jambo halikuishia hapo. Ndugu wa mumewe waliketi kikao, wakasema mke asiyepikia wageni anaaibisha ukoo. Aache Jumatano zake, au arudishwe Kabongo kwa wazazi wake akafundishwe upya. Wakamwacha Tante Noémie nyumbani majuma matatu, amchunguze.

Jumatano ya tatu, Mama aliporudi kutoka shambani, alikuta mzee msafiri amejitapikia, naye akiona haya. Alimwosha, akafua mkeka wake, akamtania mpaka mzee akacheka. Kikao kiliporudi, Tante Noémie alisema, “Mumuache. Mukikamata Jumatano yake, mutapoteza siku zake zote.” Akaongeza kwamba siku ya Jumatano atapika yeye. Alipika kila Jumatano miaka kumi na minne, mpaka miguu ilipokataa.

Ugonjwa wa moyo ulimshika Mama Novemba 1956. Hospitalini aliwasalimu wote waliokuja, kisha akawaomba wamwachie saa moja ya kusali. Walimwachia.

Ameacha mume, Mchungaji Kabwe, watoto watatu, Dorothée, Agar na Yosua, wajukuu wanne, na Tante Noémie.

Leo, Jumanne, mwili uliletwa nyumbani asubuhi. Watu walijaa chumbani wakilia. Tante Noémie, ambaye sasa ana zaidi ya miaka sabini, aliomba wote watoke. Alifunga mlango, akabaki naye robo saa, wawili tu. Kisha akafungua, akasema, “Sasa mumubebe.” Tukambeba.

Bwana ampe pumziko lake. Amina.